Ubomoaji wa Majengo: Makadirio ya Gharama na Zabuni Zake (Garsen na nchi ya Mto Tana)

Ubomoaji ni kazi ya kuangusha jengo kwa utaratibu, kuokoa vifaa vyenye thamani na kuondoa kifusi hata kiwanja kibaki wazi. Makadirio ya gharama yake, katika nchi ya Mto Tana, huanza kwa kutazama jengo limejengwa kwa nini. Maana nyumba ya Kipokomo ya fito na udongo, iliyoezekwa makuti, hubomolewa kwa mikono ya jamaa na udongo wake ukarudi ardhini, ilhali duka la mawe na saruji mjini Garsen lahitaji nyundo, mitaimbo, malori na pengine mtambo.

Ama hesabu yenyewe, tuchukue duka la mita 10 kwa 8, lenye kuta za nje tu, kimo mita 3 na unene sentimita 20. Ujazo wa kuta hizo ni mita za ujazo 21.6, na zikitolewa nafasi za milango na madirisha, tuseme 2.6, hubaki 19. Lakini ukuta uliovunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko uliosimama, aghalabu kwa nusu zaidi, kwa hiyo kifusi chake hukaribia mita 28.5, na lori libebalo mita za ujazo 5 litakwenda safari 6, ilhali sakafu na msingi bado havijahesabiwa. Hapo ndipo makadirio mengi huharibika.

Umbali nao una sehemu yake. Mtambo utokao Malindi, mwendo wa kilomita 110 hivi, hulipiwa nauli ya kwenda na kurudi hata ukifanya kazi siku moja tu. Na udongo mweusi wa delta, ukilowa wakati wa masika, hunasa magurudumu. Hata mvua za vuli huweza kufunga njia kabisa: mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen na Lamu.

Zabuni hazilinganishwi mpaka zizungumzie kazi ile ile. Mkandarasi mmoja huandika bei ndogo kwa kuwa amedhamiria kuchukua mabati, boriti na milango. Mwingine bei yake ni kubwa, lakini humwachia mwenye jengo vyote hivyo. Wa tatu hakutaja msingi wala mahali pa kumwaga kifusi. Kwa hiyo thamani ya vifaa iongezwe au ipunguzwe kwanza katika kila bei, na pa kumwaga pajulikane, kwa sababu kifusi kitupwacho katika mikondo ya mto huzuia maji yafikayo mashamba ya mpunga, na hiyo ni dhuluma iliyo wazi. Paa la asbesto lisiguswe ila na aliyepewa leseni.

Kwa majengo ya serikali, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya 2015 humpa kazi mwenye bei ya chini kabisa baada ya tathmini, na bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni haisahihishwi, hata ikiwa hesabu yake ina kosa.