Mji wa Kalemie katika Ramani za Zamani

Ndugu wakimbizi wenzetu na watumishi wa mashirika, watoto wengi waliozaliwa kambini wanaujua mji wa Kalemie kwa jina tu. Ndiyo sababu tumeona tuutafute katika ramani za zamani.

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka Lualaba. Wakati huo hapakuwa na Albertville. Jina hilo lilikuja na ngome ya Kapteni Jacques, Mbelgiji, mwishoni mwa 1891. Albert alikuwa mtoto wa ndugu yake mfalme wao. Ziwa letu alikuwa hajaliona.

Ramani za baadaye zina reli. Ile ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ikafika Albertville mwaka 1915. Ukizitazama, reli mbili zimesimama zinaelekeana, katikati maji yale yale ambayo wengi wetu tuliyavuka usiku. Mji ulikua kwa ajili ya bandari hiyo.

Na Kalemie? Ni kijito kinachoingia ziwani pale pale mjini. Baada ya uhuru mji ukachukua jina lake.

Lakini ramani za serikali zilijali reli na bandari. Shamba la nani liliishia wapi, hazisemi, na hilo ndilo litakaloulizwa siku ya kurudi. Tunawaomba wazee wa Kalemie waje wataje mipaka, vijana waandike kwa penseli, ili wazee wakibishana tuweze kufuta.