Kutoka Mtumwa hadi Siti

Kijana aliyelelewa Webuye, karibu na maporomoko ya mto Nzoia, aweza kuuliza: mwimbaji wa Unguja anatuhusu nini sisi watu wa bara? Anatuhusu, kwa kuwa alikipa Kiswahili nafasi katika santuri wakati ambapo wengi hawakudhani kwamba kinastahili.

Alizaliwa kijijini Fumba yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Shule hakuiona. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akavichukua kichwani hadi mjini, akivinadi njiani kwa sauti iliyosikika mbali. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya kuimba. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mwanamuziki Ali Muhsin akamfundisha taarabu.

Siku zile taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, kama alivyokuja kuitwa, aliimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi na mpishi wakafahamu. Aliimba mapenzi, lakini pia aliimba dhuluma: wimbo wake wa Kijiti wahusu mauaji ya mwanamke.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu tu au zaidi kidogo, na nyimbo zilizozoea kurefushwa barazani ilipasa zifupishwe. Lakini santuri zilipouzwa, sauti yake ilifika mahali ambapo miguu yake haikupata kukanyaga.

Wenye husuda walimcheka kwa sura yake, umaskini wake na vyungu vyake. Naye hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo. Na santuri, msomaji, haionyeshi sura, wala haiulizi ukoo wa mtu. Hutoa sauti peke yake, msikilizaji akahukumu.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Neno siti maana yake ni bibi mwenye heshima. Jina la Mtumwa alipewa na wakati aliozaliwa. Heshima ya jina la pili aliichuma kwa jasho lake mwenyewe.