Shem Karenga na nyimbo za Tabora: historia ya mtunzi wa magharibi

Reli ya Kati ikifika Kaliua hugawanyika. Njia moja huendelea Kigoma, nyingine hushuka kusini hadi Mpanda. Hiyo ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria. Waingereza waliitandika mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusomba madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 treni ikabaki mikononi mwa wananchi. Hadi Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, Mpanda ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Tabora. Katavi, ambamo Mpanda imo sasa, ni mkoa wa juzi tu, wa mwaka 2012. Ndiyo maana historia ya dansi kwa watu wa Kabungu, upande wa Mpanda, na vijiji jirani lazima ianzie Tabora. Huko ndiko barua zilikopitia, na bidhaa, na nyimbo pia.

Tabora ilikuwa na muziki wake mapema. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitamba tangu miaka ya 1950, baadaye zikavuma Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Hata Dar es Salaam, Western Jazz ya Iddi Nhende, mwana wa Nzega, ilibeba upande wetu ndani ya jina lake.

Katika mlolongo huo ndimo alimoingia Shem Ibrahim Karenga. Muziki aliuanzia katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz huko Kigoma, mji ulioipokea rumba ya Kongo iliyovuka ziwa kabla ya miji mingi ya bara. Kisha akahamia Tabora Jazz. Hapo ndipo alipokomaa: mwimbaji, mpiga gita na zaidi ya yote mtunzi, katika bendi iliyouita mtindo wake Segere Matata.

Tusiipite haraka kazi ya mtunzi wa bendi za wakati ule, maana wengi hudhani inaishia kwenye maneno. Mtunzi alikuja mazoezini na sauti yake na beti zake. Kisha wimbo ukajengwa papo hapo, mara nyingi bila karatasi ya noti. Gita la solo lilitafutiwa ufunguzi ambao msikilizaji angeutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Gita la rithimu likashika mwendo, solo la pili likajaza pale solo la kwanza lilipopumzika, besi ikazungumza na tumba. Waimbaji waligawana sauti, ya juu na ya chini. Mwishoni ilipangwa sehemu ya kuchangamka, maneno yakapungua na magita yakaachiwa uwanja ili watu wacheze. Kuamua gita lipi linyamaze, na wakati gani, ni utunzi kamili. Kwa maoni yangu hapo ndipo Tabora Jazz ilipowashinda wengi: magita yake hayagombani na mwimbaji.

"Dada Asha", wimbo wa Karenga wa miaka ya 1970, ndio uliolisambaza jina la bendi nchi nzima. Redio Tanzania Dar es Salaam iliufikisha hata mahali ambapo bendi isingeweza kufika na vyombo vyake, na Kabungu ilikuwa mahali pa namna hiyo. Lakini sifa haikuja na fedha. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo sahani zilitoka Nairobi, na jasho la mtunzi likapotelea njiani. Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kilikuja baada ya sheria ya mwaka 1999, wakati nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kupigwa kwa zaidi ya miaka 20.

Kama wengi wa rika lake, Karenga alihamia Dar es Salaam. Akafanya kazi na bendi ya MK Beats, na baadaye akalifufua jina la zamani kwa Tabora Jazz Stars. Alifariki Desemba 2014, bado akijulikana kwa wimbo alioutunga ujanani. Hilo ni jambo la heshima, na pia linaumiza, kwa sababu wengi wanaouimba wimbo ule harusini hawamjui aliyeutunga.

Basi ninawaomba watangazaji wa redio za Mpanda na Sumbawanga: mkipiga zilipendwa, tajeni mtunzi pamoja na bendi. Na wewe msomaji wa Kabungu, kama mzee wako ana santuri au kanda ya miaka ile, mkalishe umwulize nani alipiga gita gani, kisha uyaandike majibu yake leo, pamoja na tarehe.