Kuona, Kubaini na Kutambua: Historia Fupi ya Kadi ya Kidhibiti Diski na Istilahi Zake

Katika miongozo ya kompyuta inayoletwa kutafsiriwa, mna sentensi moja fupi inayorudi mara kwa mara, nayo ni kwamba kadi ya kidhibiti "haikuona diski". Mfasiri huiandika bila kusita, kwa kuwa kila neno lake analifahamu. Lakini fundi wa Songea au Kigoma, aliyewekewa mbele yake mtambo wenye kumbukumbu za wilaya nzima, hawezi kujua kutokana na sentensi hiyo iwapo diski haina umeme, au kebo imelegea, au diski imejibu lakini jibu lake halikufika kwenye kompyuta. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, jinsi kitenzi hicho kimoja kilivyobebeshwa maana nyingi, na kwa nini yafaa tuzitenganishe.

Hapo mwanzo jambo lenyewe halikuwapo. IBM 350, mtambo wa diski uliotolewa mwaka 1956, ulikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na uliweza kuhifadhi herufi milioni 5 hivi. Chombo kikubwa kama kabati hakikuhitaji kutafutwa. Hata diski zilipopungua ukubwa, kama ile ya Seagate ST-506 ya mwaka 1980 yenye megabaiti 5, bado diski ilikuwa bubu. Akili yote ilikaa kwenye kadi ya kidhibiti, na kadi hiyo haikuwa na njia ya kuiuliza diski jina lake wala ukubwa wake. Fundi ndiye aliyeiarifu kompyuta hesabu ya vichwa na mizingo ya diski. Akikosea hesabu, diski haikusomeka ingawa ilizunguka vizuri. Na diski iliyoandaliwa na kadi ya aina moja aghalabu haikusomwa na kadi ya aina nyingine. Kwa enzi hiyo, basi, kusema kwamba kadi "imetambua" diski ni kuipa kadi sifa isiyokuwa nayo.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfumo wa SCSI, uliopata kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1986. Humo vifaa vinane, kadi yenyewe ikiwa kimojawapo, vilitumia njia moja, na kila kimoja kikapewa namba yake kuanzia 0 hadi 7. Kadi kwa desturi ilichukua namba 7. Vifaa viwili vikipewa namba moja, vilijibu kwa pamoja na kuvuruga mazungumzo. Na diski iliyopewa namba ya kadi huenda ikaonekana kwenye kila namba, au isionekane kabisa. Tena njia hiyo ilitakiwa kufungwa ncha zake mbili kwa vizibo vya ukinzani, ili mawimbi ya umeme yasirudi nyuma. Kizibo kikisahauliwa, au kikiachwa katikati, diski ilionekana leo na kupotea kesho. Mafundi wengi walitupa diski nzima zisizo na kosa kwa ajili ya kizibo kidogo.

Njia ya pili ni ile ya IDE, iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na kupata kiwango rasmi, kwa jina la ATA, mwaka 1994. Hapa akili ya kidhibiti ilihamishiwa kwenye diski yenyewe. Ile kadi ikabaki kuwa kiungo tu, lakini jina la "kadi ya kidhibiti" halikuhama pamoja na kazi, na hadi leo tunalitumia. Kubwa zaidi ni kwamba diski sasa ilipata sauti: iliulizwa, nayo ikajibu kwa kutaja jina lake, namba yake ya kiwanda na ukubwa wake. Hapo ndipo kitenzi "kutambua" kilipopata haki yake. Hata hivyo kutambua hakukuwa kutumia. Kompyuta nyingi za wakati huo hazikuweza kupita mizingo 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti 528,482,304, hata kama diski ilijitaja kuwa kubwa zaidi.

Kebo moja ya IDE ilibeba diski mbili, na miongozo ya Kiingereza ikaziita kwa maneno yenye maana ya bwana na mtumwa. Hati za kiwango zenyewe ziliweza kusema kifaa 0 na kifaa 1, na mwaka 2003 Wilaya ya Los Angeles iliwaomba wauzaji wake wayaepuke maneno hayo. Kwetu sisi, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, sioni sababu ya kuyaingiza katika istilahi. "Diski ya kwanza" na "diski ya pili" yanatosha, tena yanaeleza vyema zaidi, kwa kuwa diski ya kwanza haikuiamuru ya pili.

Tangu SATA ilipoingia mwaka 2003, kila diski ina kebo yake, na namba za kupanga kwa mkono zimetoweka. Matatizo yamehamia kwingine. Kadi ya SAS hupokea diski za SATA, bali kadi ya SATA haiwezi kuzungumza na diski ya SAS. Kiwango cha SATA cha mwaka 2016 kiliipa pini ya tatu ya umeme kazi ya kuizima diski. Kwa hiyo diski mpya ikiunganishwa kwenye kebo ya zamani inayopeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo, hubaki kimya, nayo ni nzima kabisa.

Napendekeza basi vitenzi vitatu. "Kubaini" kitumike pale kadi inapohisi kwamba kuna kifaa mwishoni mwa kebo. "Kutambua" kibaki kwa jibu la diski kuhusu jina na ukubwa wake, maana kwa Kiswahili hutambuliwa kile kinachojulikana ni nani. "Kukabidhi" kiwe cha kadi kuipa kompyuta diski ili itumike. Tofauti hii ya mwisho si ya anasa. Kadi za RAID, mfumo ulioelezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, huweza kutambua diski zote bila kukabidhi hata moja, mpaka ziunganishwe katika kundi. Fundi anayesoma tu kwamba diski "hazionekani" atashawishika kutumia amri ambayo wafasiri wameizoea kuiita "kuanzisha". Neno hilo ni pole mno. Katika kadi nyingi amri hiyo huandika juu ya yaliyomo, na kumbukumbu za watu hupotea. "Kuandaa upya kwa kufuta" ni refu, lakini linaonya.

Vivyo hivyo diski zilizohamishwa kutoka kadi nyingine huelezwa kuwa na mpangilio "wa kigeni", na fundi hupewa hiari mbili. Ya kwanza tuiite "kupokea mpangilio". Ya pili, ambayo rasimu kadhaa zimeiita "kusafisha", iitwe "kufuta mpangilio", na ionyeshwe kwa herufi nzito.