Kabla ya Sensa Kulikuwa na Utingo

Zamani kazi ya kutazama nyuma ya gari ilikuwa na mwenyewe. Lori likitaka kurudi nyuma, utingo aliruka chini, akasimama mahali ambapo dereva atamwona kwenye kioo cha pembeni, akaanza: "Njoo, njoo, njoo… kata kulia… njoo… hapohapo!" Neno la mwisho alilisindikiza kwa makofi mawili kwenye bodi, maana injini za Leyland zilimeza sauti ya mtu. Mafundi wengi wa rika langu pale Gerezani, Dar es Salaam, walianzia kwenye utingo, nami nikiwamo. Tulizoea kusikiliza gari kabla hatujakabidhiwa spana.

Kifaa kilichomrithi utingo kilitokea Japani. Mwaka 1982 Toyota iliuza Corona yenye sonari ya nyuma. Elimu yenyewe ilikuwa ya baharini: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele kupeleka sauti majini na kunasa mwangwi wake, ili nyambizi za adui zijulikane zilipo. Sensa ya bampa inafanya vivyo hivyo hewani. Inatoa sauti ya kilohezi 40 hivi, wakati sikio la binadamu huishia 20, kisha inasubiri. Ukuta ukiwa mita moja nyuma, mwangwi unarudi kwa muda wa sehemu sita hivi za elfu ya sekunde.

Kwetu sensa hizo zilifika na magari ya mtumba, baada ya nchi kulegeza masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980. Fundi umeme wakati huo alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili, na kwa balbu hiyo aliutafuta umeme kutoka fyuzi hadi taa ya mwisho.

Kisha ikaja kompyuta. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha tundu la pini 16 la kuchomekea mashine ya kupimia, chini ya dashibodi, na nchi nyingine zikafuata. Hapa ndipo wateja wengi wanapopotea. Sheria ile ilihusu moshi. Ilitaka injini ieleze kasoro zake kwa lugha moja. Bampa haikutajwa, kila kiwanda kikabaki na lugha yake. Ndiyo maana mtu anakuja ameshalipia kipimo, ameambiwa gari ni zima, na sensa zake zimekufa zote. Mashine ya bei ndogo haikumdanganya. Haikuulizwa habari za bampa.

Mimi bado naanza kwa sikio. Injini nazima, swichi naiacha imewashwa, magurudumu nayawekea vigingi, gia naingiza rivasi. Nainama na kuweka sikio, au ncha ya kidole, kwenye sensa moja baada ya nyingine. Nzima inagonga taratibu kama saa ya mkononi. Iliyonyamaza naibadilisha nafasi na ya jirani yake ya aina ileile: ugonjwa ukihama nayo, sensa ndiyo mbovu, ukibaki palepale, nafuata waya, na mara nyingi nakuta kutu ya kijani kwenye soketi iliyoingia maji. Gari linalopiga kelele kwenye uwanja mtupu lina hadithi nyingine. Hapo natazama tope, au bampa iliyoshuka baada ya ajali, sensa ikawa inaiona ardhi. Rangi nene ni adui mkubwa kuliko vyote, kwa kuwa uso wa sensa ni kisahani chembamba ambacho lazima kitetemeke. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu ya rangi, na inaniuma, kwa kuwa mwenye gari analipia spea asiyoihitaji.

Vijana wanaoingia gereji sasa wanakabidhiwa mashine siku ya kwanza. Mafundi wenzangu, nawaomba tuwape kwanza ile balbu ya nyaya mbili, na gari lililozimwa injini.