Ukoo wa Baba, Nyumba ya Mama

Mwaka 1552 mwanahistoria wa Kireno, João de Barros, alitoa kitabu chenye habari za masultani wa Kilwa, alizozitoa katika tarehe yao wenyewe. Anasimulia kuwa mfalme mmoja wa Shiraz alikuwa na watoto saba wa kiume. Sita mama yao alikuwa wa ukoo wa wakuu wa Uajemi. Wa saba, Ali, alizaliwa na mjakazi wa Kihabeshi, na ndugu zake hawakumhesabu kuwa mtu. Ali akachoka kudharauliwa, akapakia merikebu, akashika njia ya pwani ya Afrika Mashariki.

Tarehe hiyo ipo pia kwa Kiarabu, katika nakala ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa Mwingereza John Kirk mwaka 1877. Humo merikebu ni saba, za baba na wanawe sita, na kila moja inatia nanga mahali pake. Masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani yana ladha nyingine kabisa. Mgeni anamkuta mwenyeji, Mrimba. Anampa nguo na shanga, anamposa binti yake, kisha anakipata kisiwa chenyewe kwa kulipa nguo. Mtoto wa binti huyo ndiye anayekuja kurithi enzi, kwa baba yake na kwa babu yake pia.

Wataalamu wa zama za ukoloni waliyapenda ya merikebu kuliko ya posa. Kwao majumba ya mawe ya Kilwa, Gedi na Pate hayangeweza kuwa kazi ya Waafrika, kwa hiyo Mshirazi alifaa sana. Baadaye upepo ukageuka. Mark Horton alipoanza kuchimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwaka 1980, alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa kijumba cha miti cha karne ya 8, katikati ya mji wa nyumba za udongo na vyungu vya kienyeji. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear wakachapisha kitabu kinachoonyesha kuwa Kiswahili ni Kibantu halisi, jamaa ya karibu ya Kimijikenda na Kipokomo. Wasomi wengi wakakata shauri: Ushirazi ni cheo tu, nasaba ya kujipamba. Huko Zanzibar, hata hivyo, watu maelfu walijiita Washirazi, na tangu mwaka 1957 jina hilo lilikuwa limekwisha ingia katika chama cha siasa, Afro-Shirazi.

Ubishi ukakaa hapo miaka mingi, mpaka makaburi yalipoulizwa.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 hivi na 1800. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwa Esther Brielle na David Reich wa Harvard, pamoja na Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyeujua mji wa kale wa Mtwapa kwa miaka ya kuuchimba. Haikuwa kazi nyepesi. Joto na unyevunyevu wa pwani huozesha vinasaba haraka, na watafiti walilazimika kutafuta mabaki yake katika meno na mifupa.

Kati ya vinasaba vyote, viwili vina tabia ya pekee. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika. Mara moja moja herufi yake moja hukosewa katika kunakiliwa, na kosa hilo hurithiwa na kila mwanamume wa ukoo ule. Kwa kufuatilia makosa hayo, wanajenetiki wamewagawa wanaume wa dunia nzima katika makundi wanayoyapa herufi: tawi moja la E ambalo limetapakaa pamoja na Wabantu, na J, ambalo mizizi yake iko Mashariki ya Kati, tawi la J1 likishamiri Arabuni na J2 likionekana zaidi Iran na kaskazini yake. Kinasaba cha pili, cha mitokondria, hutoka kwa mama peke yake. Kwa hiyo kutoka katika jino moja la mwanamume inawezekana kusoma safari mbili, ya ukoo wa kiumeni na ya ukoo wa kikeni.

Katika makaburi ya pwani safari hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Kwa upande wa mama, karibu wote walikuwa Waafrika. Kwa upande wa baba, katika miji kama Mtwapa na Manda, wengi walibeba kromosomu Y za Asia. Na walipopima vinasaba vyote kwa jumla, watafiti walikuta kwamba asilimia 80 hadi 90 ya urithi wa Kiasia uliletwa na wanaume wa Kiajemi; sehemu iliyobaki ilielekea India. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, wakati Uislamu unaenea mijini. Mzee aliyeandika tarehe ya Kilwa hakuwa mwongo, basi.

Lakini wataalamu wa Shanga nao hawakushindwa. Mji wao ulikuwa umekwisha simama, una msikiti wake, miaka 200 kabla ya damu hizo kuchanganyika. Waajemi waliokuja walikuta watu wana biashara, wana mashua, wana dini, wakaoa humo. Watoto wao hawakusema Kiajemi; walisema lugha ya mama zao. Kwa wengi wa waliopimwa, zaidi ya nusu ya vinasaba vyote ilikuwa ya Kiafrika.

Ndoa hizo zilikuwa za namna gani? Vinasaba havisemi, lakini desturi zinadokeza. Katika mji mkongwe wa Lamu, familia za waungwana zilimpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Baba mwenye uwezo alimwongezea bintiye ghorofa juu ya nyumba yake, au alijenga wikio, chumba cha kuvuka juu ya kichochoro, kuunganisha nyumba ya mama na ya mtoto. Mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo akaoa humo alikuwa mgeni chini ya dari ya mkewe. Ukoo ukaandikwa kwa jina lake. Mlango ulikuwa wa mwanamke.

Kusini zaidi, kwa Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Wao husimulia kuwa mababu zao walivuka bahari kutoka mahali paitwapo Sena. Hutahiri, hawali nguruwe. Mwaka 1996 wanajenetiki Amanda Spurdle na Trefor Jenkins walionyesha kuwa nusu au zaidi ya kromosomu Y za Walemba zilitoka Mashariki ya Kati. Dunia ikashangilia kabila lililopotea la Israeli. Mitokondria za Walemba, ambazo ni za Kiafrika, hazikupata kelele hata robo ya zile.

Shangwe za namna hiyo ndizo zinazoifanya kromosomu Y iaminiwe kupita kiasi. Ukihesabu vizazi 10 nyuma, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inamtaja mmoja tu. Mwanamume wa Mombasa anayetuma mate yake maabara leo na kujibiwa kuwa ni wa kundi J hajathibitisha Ushirazi wake. Utafiti wa 2023 wenyewe unaonyesha kuwa baada ya mwaka 1500 hivi urithi wa Kiasia uliokuwa ukiingia pwani ulizidi kuwa wa Kiarabu. Babu wa J huyo anaweza kuwa askari aliyekuja Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698, au mchuuzi wa Hadhramaut aliyeshuka na kaskazi karne mbili baadaye. Tena watafiti walipowalinganisha wafu wa Mtwapa na watu wanaojiita Waswahili sasa, walikuta tofauti kubwa: wengine wamebeba sehemu nzito ya urithi ule wa kale, na wengine, wanaosema lugha ileile na kuswali misikiti ileile, karibu hawana hata tone.