Sandarusi na Kopali katika Historia ya Mng'ao wa Mashua

1. Utangulizi

Mashua ya zamani iliyokarabatiwa humvutia mtazamaji kwa mapambo yake ya mbao: ukingo wa mkangazi uliopindwa kufuata ubavu, na vanishi inayong'aa juu yake. Historia ya vyombo hivyo, mathalani vile vya kampuni ya Chris Smith na wanawe iliyoanzishwa Algonac, Michigan, mwaka 1922, huandikwa kwa kutaja waundaji, injini na aina za mbao. Vanishi hutajwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utando huo mwembamba nao una historia, na kwamba sehemu yake kubwa ni ya Afrika.

2. Kazi ya fundi

Fundi huanza kwa kuparuza vanishi kuukuu, maana ikipasuka, maji hupenya na kuacha madoa meusi. Kipande kilichooza hubadilishwa kwa mbao ya jinsi ileile, yenye nyuzi zinazolingana na za jirani yake. Kikihitaji kupindwa, hulainishwa kwa mvuke. Kisha husuguliwa kwa msasa kufuata nyuzi. Mpako wa kwanza huzimuliwa ili mbao iunywe. Inayofuata hupakwa mmoja mmoja, kila mmoja ukikauka na kusuguliwa kidogo kabla ya mwingine. Hata hivyo jua huila vanishi, na kazi hurudiwa.

3. Asili ya vanishi

Katika karne ya 19 vanishi ngumu zilitengenezwa kwa utomvu wa kale uliofukuliwa ardhini. Sandarusi ya Mrima ilisifiwa kwa ugumu wake. Wachimbaji waliitofautisha na chakazi, utomvu mbichi wa msandarusi, uliokuwa na thamani ndogo. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua Unguja na kuisafirisha kwao, ambako ilisafishwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi.

Utomvu huo hauyeyuki katika mafuta mpaka upikwe kwanza kwenye joto kali, nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ndipo hutiwa mafuta ya kitani, kisha tapentaini. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwani moto ungeweza kuushika mchanganyiko wote.

Kongo iliingia katika biashara hii kwa njia ya mabwawa ya Équateur. Tangu 1910 serikali ya kikoloni ilipoanza kuacha hatua kwa hatua utozaji wa mpira kwa nguvu, kodi ya fedha ilishika mahali pake. Ili kuipata fedha hiyo, wanavijiji waliingia majini na kuchoma tope kwa fimbo zenye ncha ya chuma, wakisikilizia mguso wa kitu kigumu. Hicho ndicho kilichokuwa kopali. Adha ya mpira ilipungua, lakini kodi iliendelea kuwapeleka watu bwawani.

Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 viwanda viligeukia utomvu uliobuniwa na wakemia, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia poliurethani ikaongezeka. Soko la kopali likadhoofika, na vijiji vilivyoitegemea vikapoteza chanzo cha fedha bila kuwa na sauti katika uamuzi huo.

4. Hitimisho

Haifai kudai kwamba kila mashua ya kale ilipakwa utomvu wa Afrika; kauri ya New Zealand nayo ilitumika sana. Lakini fundi anayeparuza vanishi ya zamani huenda anaondoa masalio ya jasho la mchimbaji wa Mrima au wa Équateur, kisha anapaka kitu kingine na kukiita cha asili. Ukarabati wa kweli haukomi kwenye umbo la mbao. Kumbukumbu ya chombo inapaswa kutaja kilichoondolewa, kilichowekwa, na, inapojulikana, nchi ulikotoka utomvu wake. Bila hivyo, mng'ao hurudishwa, na wale walioutolea malighafi hubaki gizani.